Wimbo wa Raya katika Nchi ya Mwangwini

Jinsi nilivyofika Mwangwini haina haja ya kusimuliwa. Wasafiri wengi hupenda kutuchosha kwa habari za tope, mbu na forodha, kana kwamba kuna nchi isiyokuwa na tope, mbu na forodha. Mimi naandika habari za redio ya nchi ile, na sheria waliyokuwa nayo, na mama mmoja aliyenipa kitanda. Naandika kwa masikitiko, na hilo nalisema mapema ili aliyekuja kucheka asije akanilaumu mwishoni.

Mwangwini ni nchi ndogo, mji mmoja na redio moja. Mji uko bondeni, redio iko juu ya kilima, na mlingoti wake unaonekana kutoka kila dirisha. Watu wake ni wapole, wana adabu, wanapenda chai ya tangawizi na ubishi mdogo mdogo wa asubuhi. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hawana mawe ya makaburi. Maiti huzikwa, udongo ukasawazishwa, majani yakaota, na baada ya mvua za kwanza huwezi kujua nani amelala wapi. Nilidhani ni watu wasiojali wafu wao. Nilikuwa sijui kitu.

Kumbe huko marehemu hawekewi jiwe, huwekewa wimbo. Mtu akifa, jamaa zake hukaa wakachagua wimbo mmoja aliokuwa akiupenda, wakaupeleka kilimani. Kila mwaka, siku aliyofariki, mtangazaji hulitaja jina lake, kisha huupiga wimbo wote, tangu mwanzo hata mwisho. Majirani hufungua madirisha na kuongeza sauti za redio zao, na wimbo ukiisha hutoka kwenda kubisha hodi kwa wafiwa. Hawaleti sukari wala ubani. Husema neno moja tu: "Tumemsikia." Mwenye nyumba hujibu: "Basi hajapotea." Kisha kila mtu hurudi kwenye kazi yake.

Mwenyeji wangu alikuwa mshona magodoro, jina lake Bi Kidawa. Nyumba yake ilijaa sufi. Ilikuwa kwenye magunia, kwenye nywele zake, mpaka kwenye chai. Alikuwa mjane, na binti yake wa pekee, Raya, alikufa kwa homa akiwa kigori. Wimbo wa Raya haukuwa wa huzuni hata kidogo. Ulikuwa wimbo wa dansi wa zamani, wenye tarumbeta moja inayochelewa kidogo, na Raya alikuwa akiuimba huku akichambua mbegu kwenye sufi.

"Mashangazi zake walinigombeza," Bi Kidawa aliniambia. "Walitaka niweke kitu cha heshima. Nikawaambia, heshima mtawekewa nyinyi. Mwanangu alikuwa anacheka hapo tarumbeta inapochelewa. Mimi nikiisikia ile tarumbeta, namwona anacheka. Hebu niambieni, jiwe gani linaweza hilo?"

Picha ya Raya haikuwepo ukutani, kwa maana Mwangwini hawaweki picha za wafu. Kwa hiyo ule wimbo, mara moja kwa mwaka, ndio uliokuwa vyote alivyobakiwa navyo mama yule.

Sasa nieleze sheria. Kwetu tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Mwangwini mambo ni kinyume: aliyepo ndiye asiye na lake. Redio yao husimamiwa na chombo kinachoitwa Baraza la Wasiosikiliza, na mtu hapati kiti humo mpaka aape kwamba haisikilizi redio na hataisikiliza; yeyote aapaye hukipata. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwa upole, kama mtu anavyomfafanulia mtoto: anayesikiliza ameshapatikana, kumwuliza ni kupoteza muda. Anayestahili kuulizwa ni yule ambaye hajapatikana bado. Nikaona maneno yale yana mantiki, na ndiyo hasa iliyonitia hofu.

Wajumbe wa baraza hupewa heshima kubwa mitaani. Wakipita chini ya vipaza sauti vya sokoni huziba masikio kwa vidole, na watu huwapisha. Hotelini hawalipi chai. Nilimwona mmoja akiulizwa na ofisa wa redio, kwa unyenyekevu mwingi, angependa kusikia muziki gani. Alitafuna kitumbua chake, akameza, akasema: "Kitu kingine."

Jibu hilo ndilo walilokuwa wakilipata kwa kila mjumbe, mwaka hadi mwaka. Basi maofisa wakaenda kulifanyia kazi, na nilipofika mimi, mpango ulikuwa tayari. Muziki mpya wa redio ungeitwa Muziki wa Kitu Kingine. Hakuna aliyeweza kuniambia ni muziki gani. Yaliyojulikana yalikuwa mawili. Kwanza, nyimbo zisingepigwa nzima tena, bali vionjo tu, kwa kuwa wasiosikiliza walilalamika kwamba nyimbo ni ndefu. Pili, majina ya marehemu yangeondolewa hewani, kwa kuwa yanawatia huzuni watu wasioyasikia.

Bi Kidawa alipopata habari hizo alikuwa anashona. Aliweka sindano chini, akavaa buibui lake la kutokea, akaniambia: "Mgeni, nisindikize."

Kikao, ambacho hufanyika kila mwezi na wote huruhusiwa kukihudhuria, kilikuwa asubuhi, katika ukumbi mweupe ulioko chini ya kilima. Mwenyekiti alikuwa Bwana Fadhaka, mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti ya taratibu. Alifungua kikao kwa kuisema kanuni ya redio, kama ilivyo desturi, haraka haraka kama mtu anayejua kwamba hakuna anayemfuatilia: "Viti ni vya wasiosikiliza. Muziki ni wa wenye viti. Avunjaye kiapo hatahesabiwa kwa wasikilizaji wala kwa wasiosikiliza, na wafu wake hawatatajwa tena hewani. Na kanuni hii haibadiliki ila kwa mkutano wa wasikilizaji. Kaeni." Watu wakakaa, wengine wakikohoa, wengine wakitafuta pa kuweka miavuli yao.

Mjadala ulikuwa wa heshima. Mjumbe mmoja alisimama akasema: "Mimi redio hii sijawahi kuisikia, lakini imenichosha." Akapigiwa makofi. Mwingine akasema kwamba marehemu wamezidi, kila mwaka wanaongezeka, na ikiendelea hivi walio hai watakosa nafasi hewani. Mzee mmoja wa pembeni akauliza kama si haki marehemu nao wapewe viti, maana hakuna asiyesikiliza kuliko wao. Jambo likaonekana zito. Wakalijadili muda mrefu. Mwisho Bwana Fadhaka akaamua kwamba hoja ni nzuri, ila marehemu hawakuapa.

Bi Kidawa akaomba nafasi.

"Wewe ni mjumbe?" Bwana Fadhaka alimwuliza.

"Si mjumbe, Mheshimiwa. Mimi naisikiliza redio hii tangu sijavunja ungo. Nimekuja kuisemea."

"Unasikiliza kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Bwana Fadhaka akamtazama kwa huruma, na naamini ilikuwa huruma ya kweli. "Ndiyo maana hatuwezi kukuuliza, mama. Wewe tunaye."

"Mnaye mpaka lini?"

"Hilo," akasema Bwana Fadhaka, "halijawahi kuulizwa na asiyesikiliza." Akaonyesha mlango kwa adabu.

Tuliporudi nyumbani Bi Kidawa hakulia. Alikaa juu ya gunia, akachambua sufi mpaka chai ikapoa. Nilimwambia dua la kuku halimpati mwewe, basi ajipe moyo. Akanikata jicho. "Mimi si kuku," akasema. "Wamenionyesha mlango. Kama mlango ni ule, basi nitaingia kwa ule ule."

Kesho yake akaenda kuapa.

Nilimsihi asifanye. Nilimwambia, Bi Kidawa, unaununua wimbo kwa masikio yako, na ukishayatoa hutakuwa na kitu cha kuusikilizia. Akaniambia kwamba wimbo ukiondolewa hewani hatausikia vilevile, na Raya atakuwa amepotea kwa watu wote. Yeye akiziba masikio, watasikia wengine, nao watakuja kumbishia hodi wamwambie. "Nitaambiwa," alisema. "Nikiambiwa inatosha. Kuna wanaotosheka na jiwe."

Ningekuwa na akili ya kutosha ningemwuliza ni wengine gani hao. Lakini na mimi maneno yake yalinigusa.

Habari zikaenea. Mtu wa kwanza kumfuata alikuwa jirani yetu, muuza mkaa, aliyekuwa na wimbo wa baba yake. Kisha mke wake, kwa wimbo wa mama yake. Kisha mtaa mzima, kisha mtaa wa pili. Kila mmoja alifikiri kama Bi Kidawa: mimi nitaapa, watakaosikia watakuwa wengine. Hawakukaa pamoja wakapanga nani aape na nani abaki. Jambo la kumwacha mwenzako aape kwa ajili ya wafu wako huku wewe unasikiliza lilionekana ni aibu kubwa, na watu wa Mwangwini wanaogopa aibu kuliko moto. Watoto walifuata viapo vya wazazi wao. Nyumbani kwa Bi Kidawa watu walipanga foleni kuchukua sufi ya kuzibia masikio, kwa sababu ya vipaza sauti vya sokoni. Aliwagawia bure, kwa mikono yake, akiwakunjia vizuri vipande vidogo, na kwa kila mmoja alisema: "Mungu akulipe."

Siku ya kura juu ya mpango ule ukumbi haukutosha. Watu walikaa kwenye ngazi, kwenye madirisha, mpaka barabarani. Bwana Fadhaka akaisema kanuni yake haraka haraka kama kawaida, akaita kura. Mikono ikainuka kama msitu. Muziki wa Kitu Kingine ukaanguka, usipate hata wa kuulilia. Ikaamuliwa kwamba redio itaendelea kupiga nyimbo nzima, na kwamba marehemu wote watatajwa kwa majina yao, kila mmoja kwa siku yake. Sijaona furaha kama ile. Watu walikumbatiana. Muuza mkaa alimbeba Bi Kidawa juu juu, naye anapiga kelele: "Niweke chini wewe, mimi mtu mzima!"

Alipowekwa chini, akaitengeneza kanga yake, akamgeukia mwenyekiti. "Sasa, Mheshimiwa, kazi imekwisha. Tuiondoe na hii sheria ya kiapo, watu warudi nyumbani wakafungue redio zao."

"Hilo si la baraza," alisema Bwana Fadhaka. "Kanuni haibadiliki ila kwa mkutano wa wasikilizaji."

"Basi na uitwe."

"Huitwa na msikilizaji." Bwana Fadhaka akatazama ukumbi wote, akatazama na ngazi, akatazama na barabara. "Kuna msikilizaji hapa?"

Hakuna aliyejibu. Mtu mmoja akaninyooshea kidole. Bwana Fadhaka akatikisa kichwa. "Mgeni ni mgeni, hata akizeekea hapa. Na watumishi wa redio ni wapigaji, hawahesabiwi wasikilizaji."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, akasema kwa sauti ndogo: "Kabla hamjaapa mlikuwa mji mzima. Mngeuita mkutano siku yoyote mliyotaka, mkaifuta sheria, mkavifuta na viti vyetu, sisi wenyewe tukiwemo. Kila kikao nimekuwa nikiwaambieni. Nilidhani mmeridhika."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu wale, mabingwa wa kusikiliza, waliojua ni wapi tarumbeta inachelewa katika wimbo wa kila marehemu wa mtaa wao, hawakuwahi kuyasikiliza maneno yaliyosemwa mbele yao kila mwezi. Walikuwa wameambiwa muda mrefu kwamba hawaulizwi, mpaka wakaamini kwamba hawana la kusema. Maji yakimwagika hayazoleki. Walirudi majumbani, na njiani, walipofika karibu na vipaza sauti vya sokoni, kila mmoja akatoa sufi yake mfukoni.

Tangu siku ile niliona mji ambao sipendi kuukumbuka. Redio ilipiga nyimbo nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, kwa mpangilio ule ule wa zamani, na hapana dirisha lililofunguliwa. Mtangazaji, Bwana Salmini, alikuwa amezoea kupokea salamu za wasikilizaji kwa simu. Sasa alitaja jina la marehemu, akapiga wimbo wake, kisha akangoja. Ungemsikia anavyopumua kwenye kipaza sauti. "Mpo?" alikuwa akiuliza. "Jamani, mpo?" Baada ya siku chache akaacha kuuliza.

Siku ya Raya ilifika wiki ya mwisho ya ruhusa yangu ya kukaa. Tangu alfajiri Bi Kidawa alifagia ua, akapika mkate wa kumimina, akaupanga kwenye sahani kama anayengoja wageni. Kisha akaileta redio yake kutoka uvunguni, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akaiweka mbele yangu.

"Wewe hukuapa," alisema. "Nisikilizie."

"Sikiliza nami, Bi Kidawa. Hapa ndani hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi." Alikunja vipande vyake vya sufi polepole, akivizungusha kwenye viganja. "Na nikivunja, jina lake linatoka. Baada ya yote haya nikamtoe mwenyewe? Hapana, mwanangu. Wewe sikiliza vizuri. Usikilize mpaka mwisho, usinyanyuke hata ukisikia jiko linaungua."

Akaziba masikio, akaenda uani, akakaa juu ya gunia akinipa mgongo.

Bwana Salmini akalitaja jina: Raya binti Kidawa. Wimbo ukaanza. Nilifungua dirisha kama inavyotakiwa, nikaongeza sauti mpaka redio ikatetemeka mezani. Ulikuwa wimbo mchangamfu, wa watu waliokunywa soda wakavaa viatu vipya. Nikaingoja tarumbeta. Ikachelewa, kidogo tu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, kisha ikaingia kwa pupa, na mimi nikacheka peke yangu katika chumba kile kilichojaa sufi. Nilicheka halafu nikalia, sioni haya kusema. Kwa dirisha niliwaona majirani wakipita na masikio yao meupe. Muuza mkaa alipita, akaliona dirisha letu liko wazi, akajua ni siku gani. Alisimama. Akashika sikio lake moja. Kisha akaondoa mkono, akaenda zake akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa na baba yake wa kumlinda.

Wimbo ulipokwisha nilitoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka nyumba, nikabisha mlango wa ua kama jirani. Bi Kidawa hakunisikia. Ikanibidi niingie nimguse bega. Alitoa sufi sikio moja tu.

"Tumemsikia," nikasema.

Alifungua mdomo anijibu jibu lile la desturi. Kisha akatazama nyuma yangu, kwenye mlango ulioachwa wazi, akatazama mpaka mwisho wa njia.

"Wewe na nani?" akauliza.

Nilitaka kumdanganya. Ningesema mtaa mzima, na ungekuwa uongo wa wema. Lakini sufi ile aliwakunjia yeye mwenyewe, mmoja mmoja.

"Mimi peke yangu, Bi Kidawa."

Alitikisa kichwa polepole. Alikitazama kipande cha sufi kilichokuwa kiganjani mwake. "Tarumbeta ilichelewa?"

"Ilichelewa."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nilicheka."

Hapo uso wake ulifunguka kidogo, nikadhani sasa atalisema. Nilingoja. Lakini kule Mwangwini neno lile hutolewa kwa majirani, kwa watu watakaokuwepo mwakani, na mimi mgeni ruhusa yangu ilikuwa inaisha. Alinishika mkono, akanipeleka mezani, akanikatia mkate. Nilikula vipande vingi kuliko njaa yangu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuula.

Sasa niko kwetu, ambako tunayo mawe ya makaburi na redio nyingi, na mawimbi ya Mwangwini hayafiki, ila habari huletwa na wasafiri. Watu wakiniuliza kama wale waliishinda vita yao, nawaambia ndiyo, waliishinda, na uamuzi wa kura unaheshimiwa mpaka leo. Kila mwaka, siku yake ikifika, Bwana Salmini hulitaja jina la Raya, kisha huupiga wimbo wake wote bila kuukata. Bi Kidawa hukaa uani ameziba masikio, mkate uko mezani, na mlango ameuacha wazi.